Miteremko ya Kalehe

Atokaye Bukavu kushika barabara ya Goma hupita kwanza Miti, kisha Kavumu na Katana, katika nchi ya migomba na mashamba ya maharagwe. Mpaka hapo njia haimtishi mtu. Lakini afikapo Kalehe, yapata kilomita 60 toka mjini, milima husogea karibu na Ziwa Kivu, hata barabara hukosa mahali pa kupita ila ubavuni mwa mlima. Kuume ni maji, na ng'ambo yake kisiwa cha Idjwi. Kushoto ni mlima. Macho hufurahi, bali dereva afanya vema akitazama mbele.

Uzuri wa nchi hii umesifiwa na wengi. Sisi twataka kunena habari za vitu visivyosifiwa na mtu, navyo ndivyo viwafikishavyo wasafiri nyumbani: breki, au freni kama isemwavyo huku, pamoja na springi na zile shokomzoba ambazo mafundi wa Kivu huziita amortisa.

Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na vijiji vya milimani, kama vile Numbi, viko juu zaidi sana. Viazi vya huko havina njia ya kufika sokoni ila kuteremka, na wenye kuviteremsha mara nyingi ni vijana wa pikipiki, ndio wamotari. Tena njia haikai kama ilivyokuwa jana. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishusha mito ya matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na barabara ikakatika. Hata mvua ndogo huacha mawe na utelezi mahali palipokuwa pakavu asubuhi.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Pikipiki, dereva, abiria na magunia, vyote pamoja vyaweza kupata kilo 350. Mzigo huo ukishuka mita 100 kwenda chini, na breki peke yake ikauzuia, joto litokalo latosha kuchemsha lita nzima ya maji baridi. Joto hilo lote huingia katika vipande vidogo vya chuma na pedi. Ndiyo sababu breki iliyoshika vizuri kileleni yaweza kukataa kabisa bondeni.

Kwa hiyo dereva mwenye busara hushuka kwa gia ndogo, enjini ikimsaidia kuzuia. Bali tumewaona vijana wazimao enjini kileleni na kujiachia, ili waokoe petroli ya senti chache. Hao huiachia breki kazi ya wawili, halafu hushangaa ikichoka.

Huko Kalehe tulimkuta fundi mmoja, mtu mzima, akifanya kazi chini ya mti kando ya barabara. Akaja kijana na pikipiki yake, akasema, "Mzee, nisaidie freni ya mbele upesi, abiria wananingoja." Mzee hakugusa freni. Alishika usukani, akaukandamiza mara tatu, akatazama. Kila mara pikipiki ilirukaruka kama mbuzi kabla ya kutulia, na mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye amortisa mpaka juu ya diski.

"Baba, mimi nimesema freni tu," kijana akanung'unika.

"Mwanangu," akajibu mzee, "freni hushika gurudumu. Na ardhi, itashikwa na nini?"

Neno hilo lafaa kukumbukwa. Amortisa ikifa, gurudumu hurukaruka juu ya mawe, na gurudumu lililo hewani halisimamishi kitu, hata breki ikiwa mpya. Tena mafuta yadondokayo huilowesha pedi, nayo hushindwa kukamata. Kwa gari ni vivyo hivyo: kandamiza pembe moja ya gari, kisha iachie, ikipanda na kutulia, ni nzima, ikiendelea kucheza, amortisa imekwisha. Kwa magari makubwa tazama pia vipande vya springi, kama kimoja kimevunjika, na boliti zinazovibana, kama zimelegea.

Mzee aliwaonyesha wanafunzi wake mambo mengine. Pedi ikibaki unene wa milimita 2, ibadilishwe. Breki ya nyuma iliyo ndani ya ngoma ya chuma ifunguliwe baada ya safari za matope, isafishwe na kukazwa upya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama mguuni kama kukanyaga sifongo. Basi yabadilishwe kila miaka miwili, wala asithubutu mtu kuongeza maji mahali pake.

Yule kijana alijua hayo. Kilichomsumbua ni kwamba kila jioni humpelekea mwenye pikipiki fedha walizopatana, naye hakusamehewa siku ya matengenezo. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Dereva hulaumiwa peke yake, kumbe breki mbovu mara nyingi imeanzia nyumbani kwa mwenye chombo, ahesabuye mapato bila kuhesabu pedi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika miteremko hii ufa waweza kugharimu mama na mtoto wake mgongoni.

Basi ninyi wazazi mliomnunulia mtu pikipiki, mwachieni asubuhi moja kila mwezi kwa fundi, bila kumdai. Nanyi abiria, kabla ya kupanda, mwambieni dereva abane breki ya mbele na kuisukuma pikipiki. Ikisogea, ngojeni nyingine. Kalehe haikimbii, ziwa litakuwapo, na soko litawangoja.