Nguo za Safari

Leo nataka nikupeleke mbali sana, Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya dunia, kule kaskazini kwenye barafu. Mwaka 1972 ndugu wawili walienda kuwinda ndege pale Qilakitsoq. Chini ya mwamba waliona mawe yamepangwa. Waliondoa mawe, wakaona ngozi, halafu mutu.

Makaburi yalikuwa mawili, karibu karibu, na ndani yake watu wanane: wanawake sita, kijana mudogo wa miaka kama 4, na kitoto cha miezi kama 6. Walizikwa karibu mwaka 1475. Hawakuoza. Mwamba uliwakinga na mvua na jua, baridi na upepo mukavu vikawakausha, kama samaki wetu wa Moero. Munisamehe mufano huo.

Kinachonishika moyo ni nguo. Wataalamu walihesabu nguo 78, za ngozi ya sili, munyama wa baharini, na zingine za ngozi ya ndege, manyoya yakiangalia ndani. Waliwavalisha vizuri, wakaongeza na zingine, sababu waliamini marehemu ana safari ndefu. Na katika inchi ile ngozi ni uzima wa mutu!

Wengine waliochunguza kile kitoto walisema: labda mama yake alikufa kwanza, naye akawekwa pale akiwa hai, maana hakuna wa kumunyonyesha. Sisi haraka tunasema: wapagani! Mimi pia nilisema vile wakati niliona foto mara ya kwanza. Halafu nikakumbuka mwanamuke mumoja tuliyezika hapa kambini. Alikufa akizaa. Tuliporudi kutoka makaburini, kitoto kilikuwa kinalia mikononi mwa nyanya yake. Yule mama muzee akaniuliza mbele ya watu wote: « Pasta, maziwa iko wapi? » Nilikuwa na Biblia mukononi, na mufukoni hata franga moja hapana. Jirani mumoja, mwenye mutoto wake mugongoni, akakaa chini, akapokea kile kitoto, akakipa ziwa. Hakusema neno.

Pengine kule Qilakitsoq jirani wa namna ile hakukuwa. Lakini kitoto chao walikivalisha nguo ya ngozi yenye kofia, wakakifunika kichwa vizuri, vile unafunika wako asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba.