Siku Tisa Kibandani kwa Dada

Kwa zaidi ya miaka kumi nimefundisha uchumi wa kisiasa, na kila mwaka hutenga mhadhara mmoja kwa ajili ya kile kiitwacho sekta isiyo rasmi. Huwaeleza wanafunzi kwamba istilahi hiyo ilienezwa na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972, kisha tunajadili kwa nini dola hupata taabu kuwahesabu, kuwatoza na kuwapanga watu wasio na ofisi. Ni mhadhara ninaoupenda. Agosti 2024 niligundua kwamba sikuwa nikiuelewa.

Dada yangu mkubwa ana kibanda cha chakula Ubungo, Dar es Salaam. Mwezi huo alifanyiwa upasuaji mdogo wa mguu na kuambiwa asisimame kwa muda. Chuo kilikuwa likizo, nikajitolea kumshikia biashara kwa siku tisa pamoja na binti anayemsaidia. Dada alicheka. "Haya Daktari," akasema, "nenda kafanye utafiti."

Siku ya kibandani huanza saa kumi alfajiri. Maharage yaliyolowekwa usiku hubandikwa kwanza, kwa kuwa hayana haraka. Supu hufuata, kisha unga wa chapati hukandwa, kwa sababu madereva wa bodaboda hufika kabla ya saa kumi na mbili na hawana subira. Chapati ya mwisho ikiepuliwa, mchele uwe umekwisha kuchaguliwa, samaki wawe wamefika kutoka Feri, na mtu awe amekwenda Mabibo kuleta nyanya, vitunguu na mchicha. Maji huja kwa madumu ya lita ishirini, na muuza maji hulipwa papo hapo. Wali ukikaribia kukauka, makaa hupaliwa juu ya mfuniko ili uive sawasawa. Mara mbili nilichelewa kupalia. Wateja walikula, lakini kila mmoja alinieleza kosa langu kwa upole uliozidi kiwango.

Hayo yote ningeyamudu kama kungekuwa na jiko tu. Kulikuwa na simu pia. Wakati mikono imejaa unga, ofisi moja ya jirani inaagiza sahani kumi na mbili kwa WhatsApp, nne bila pilipili. Muuza samaki anatuma ujumbe wa sauti kwamba leo changu hakuna, je, alete vibua? Umeme wa LUKU unakatika na mtu lazima aingize tarakimu ishirini kwenye mita bila kukosea hata moja. Mteja ananionyesha kwenye simu yake ujumbe kwamba amekwisha kulipa, na mimi nimwamini ama niache chapati iungue nikikagua salio. Siku ya pili niliifunga simu katika mfuko wa nailoni ili niweze kuibonyeza kwa vidole vyenye unga. Binti alinitazama, akasema, "Mama naye hufanya hivyohivyo." Nilikuwa nimevumbua kilichokuwepo.

Jambo moja tu nilidhani ninalijua kumzidi dada. Alikuwa na tabia ya kuwaomba wateja walipe taslimu, na kwa miaka miwili nilikuwa nikimwambia kwamba huo ni ushamba. Malipo ya simu huacha kumbukumbu, nilisema, na kumbukumbu ndiyo mlango wa mikopo. Hivyo nikaandika namba yake kwa wino mzito kwenye karatasi, nikaibandika juu ya kabati la vioo. Wateja waliifurahia. Siku ya tatu jioni, nilipotaka fedha za kununulia unga na mafuta ya kesho, nilikuta salio limebaki robo ya mauzo. Kiasi kilichobaki kilikuwa kimekatwa kidogo kidogo, kila malipo yalipoingia.

Nilimpigia dada simu kwa hasira, nikidhani ametapeliwa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Si wizi, mdogo wangu. Ni mkopo."

Ilinibidi nikumbuke mwezi Mei. Serikali ilikuwa imezindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Nilikuwa nimeusoma, nikaupenda, na Jumapili moja nikamhubiria dada juu ya moshi, mapafu na misitu. Nilisema kweli tupu. Sikutoa hata shilingi. Dada, ambaye amenisomesha kidato cha tano na cha sita kwa maandazi, hakutaka kunionyesha kwamba ushauri wangu una gharama. Alinunua mtungi mkubwa na jiko lake kwa mkopo wa simu. Mkopo ulipoiva alikopa kwingine kuulipa, na huko kwingine ndiko mtaani wanakokuita kausha damu. Ndiyo maana alitaka taslimu: fedha ya mkononi humpa nafasi ya kununua unga kwanza, halafu adaiwe.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda halmashauri. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Akanikumbusha, kwa sauti ya mtu anayemsomesha mtoto, kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, na kwamba hata ilipokuwepo ilitaka kikundi, katiba, akaunti ya benki na vikao. "Vikao vya saa ngapi?" aliniuliza. Sikuwa na jibu, kwa kuwa kwa siku tatu sikuwa nimepata nafasi ya kukaa.

Kuhusu gesi hakuwa na ugomvi. Anaipenda kwa chai na supu, na kifua chake kimepata nafuu. "Lakini mkaa nanunua kwa kopo, kulingana na mauzo ya jana," alisema. "Mtungi unataka fedha zote kwa mara moja." Sentensi hizo mbili sikuwa nazo katika mhadhara wangu.

Tangu hapo nimezirudia sera zetu za karibuni nikiwa na mfuko ule wa nailoni akilini. Kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilicholetwa Desemba 2018, tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, malipo ya kidijitali, nishati safi: kila moja ina hoja zake, nzuri au mbaya, nami nimezijadili zote darasani. Ila zote huchukulia kwamba mhusika ana akiba ya fedha na mkono mmoja usio na kazi. Karani, mhasibu, benki na mkusanya kodi wote wamehamishiwa ndani ya simu ya mwanamke anayekanda unga, na saa anazotumia kuwahudumia hazihesabiwi popote. Tunaita hali hiyo ujumuishi. Yeye huiita "mambo ya simu", na huyafanya usiku, baada ya kuosha masufuria.

Sisemi turudi kwenye mkaa na daftari. Nasema anayependekeza teknolojia kwa maskini aonyeshe pia nani atalipa gharama ya kuanzia, nani atabeba hasara ikikwama, na muda wa kuihudumia utatoka wapi. Mimi sikuyaonyesha hayo, na deni likamwangukia dada.

Karatasi niliibandua siku ya nne. Deni tumelilipa pamoja kwa miezi mitatu. Alikataa katakata nililipe peke yangu. Siku ya kumi alirudi kibandani akichechemea, akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina kama "kofia nyekundu" na "wa Boksa", kisha akaniambia kwamba kuna sahani tatu sikuziandika. Alimtaja mlaji wa kila moja, ingawa hakuwepo.

Mwaka huu mhadhara nimeuanza na swali lake. Ndugu zangu mlio wizarani na halmashauri, nalileta na kwenu: vikao vya saa ngapi?