Mhuri wa zambarau

Kwetu Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kabla ya 1993, ng'ombe hakuchinjwa mpaka veterineri amwone akiwa hai, amesimama, anatembea. Alifika alfajiri, baridi bado kali, akamtazama macho na pua, kisha akangoja mnyama aning'inizwe. Baba alikuwa mchinjaji, kwa hiyo niliruhusiwa kusogea. Veterineri alipasua misuli ya taya na moyo kutafuta vifuko vya tegu, akakata tezi za mapafu kutafuta kifua kikuu. Ini ndilo lililonishangaza: alilichanja na kulikamua, na minyoo bapa ikatoka kwenye mirija ya nyongo. Ini la namna hiyo lilimwagiwa mafuta ya taa palepale, mbele ya mwenye mali, lisije likauzwa uchochoroni. Nyama safi ilipigwa mhuri wa zambarau, na akina mama sokoni waliutafuta kabla ya kuuliza bei.

Machi 1993 vita vililipuka Ntoto, upande wa Walikale, vikapanda hadi kwetu. Mwaka uliofuata walifika wakimbizi wa Rwanda pamoja na wenye silaha, na mifugo ya Masisi ikaporwa kundi baada ya kundi. Nani ampeleke ng'ombe wa wizi kwa veterineri?

Biashara iliporudi, ilielekea magharibi. Miaka ya 2000 kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie huko Walikale ilivuta maelfu ya wachimbaji, nao walitaka nyama. Ng'ombe walishuka kwa miguu, Nyabiondo, Kashebere, mpaka Walikale, halafu wakaingia njia ya msituni, matope hadi magotini. Kwenye vizuizi wenye bunduki walitoza kila kichwa. Hakuna aliyeuliza kama mnyama ana homa. Tena ng'ombe aliyetembea hivyo anahitaji maji na mapumziko kabla ya kisu. Misuli yake imemaliza sukari, na nyama yake huwa nyeusi, inanata, inaoza upesi. Mgodini alichinjwa siku ileile, juu ya majani yaliyotandikwa chini. Hili bado linaniuma: ushuru ulidumu, ukaguzi ukatoweka.

Na hatari haijapita: Aprili 2025 kimeta kiliua makumi ya viboko upande wa Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, mkoa wetu huuhuu. Mnyama wa kimeta hufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Hapasuliwi kabisa, kwa sababu vijidudu vikipata hewa hujigeuza mbegu zinazokaa udongoni miaka mingi. Wa kwanza kuambukizwa ni mwenye kisu. Vijana wanaochinja leo vijijini ni hodari na wanaifanya kazi kwa bidii, lakini wengi hawajawahi kuona tezi ikikatwa, wala hakuna aliyewafundisha.

Sidai machinjio ya fahari. Sakafu ya saruji, maji safi, ndoano ili nyama isiguse chini, na veterineri mwenye mshahara wake, asiyemtegemea mchinjaji kwa chakula cha jioni. Wenye ng'ombe bado wanatozwa kwa kila kichwa. Pesa hizo zianze kwa kumlipa yeye.