Mawe ya Njia huko Amani

Siku za masika twalipanda Usambara ya Mashariki hata Amani, Wajerumani walikoanzisha kituo cha mimea na kilimo mwaka 1902. Mawe ya njia ya nyumba tuliyofikia yalifunikwa na vimea vya kijani viitwavyo kuvumwani. Bibi mwenye nyumba aliteleza juu yake, akavunjika mkono. Kulipokauka tukavikwangua kwa majembe na fagio za chelewa. Havina mizizi ya kweli, vikabanduka upesi. Chumvi tuliikataa, kwani huua maua ya kando. Lakini bibi akatuambia, “Mmefanya nusu ya kazi, wanangu. Kivuli kikibaki, vitarudi.” Basi tukapogoa matawi, jua likafika chini. Nanyi wenye njia kama hiyo, tazameni juu kwanza.