Kufungua Vagoni Bila Kutia Mkono

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Mongbwalu, ao Durba, ao hapa Bunia penyewe, huenda hujaona treni kwa macho yako hata siku moja. Usione haya. Bunia haikupata reli kamwe. Reli iliyotukaribia ni ile ya Vicicongo, kampuni iliyoundwa mwaka 1924. Reli zake zilikuwa nyembamba, milimeta 600 tu kati ya chuma na chuma. Ilitoka Aketi, ikapita Buta na Isiro (wakati ule mji uliitwa Paulis), ikafika mwisho wake Mungbere mwaka 1937. Toka pale mizigo ilipanda kamio. Leo treni haifiki tena Mungbere, na watoto wetu wanasikia habari yake kwa wazee tu.

Lakini vagoneti unaijua. Mahali dhahabu inapochimbwa chini ya udongo, vagoneti imesukumwa juu ya reli ndogo tangu siku za wakubwa wetu. Na mwenye kujua vagoneti anajua hatari yake. Kusukuma si shida kubwa. Hata kufunga moja na ingine si shida kubwa. Shida ni kuzifungua. Pale ndipo mkono wa mtu unaingia katikati ya chuma mbili.

Katika kanisa letu kuna kijana aliyerudi nyumbani kutoka mgodini na vidole vitatu tu mkono wa kuume. Sitasema mgodi gani. Alikuwa anatoa ndoano ya vagoneti, ile ya nyuma ikasogea kidogo, basi. Mama yake ana kijana mwingine, mdogo wake, mwenye miaka 16, na huyu naye alikuwa ameanza kuuliza njia ya mgodini. Mama akaja kwangu akasema, “Pasta, huyu unipatie kazi ya kumushika hapa.” Mimi sina kazi ya kumpa mtu. Nilikuwa na sanduku moja tu.

Sanduku lile nililetewa na rafiki tuliyesoma naye shule ya Biblia, aliyekwenda kukaa Marekani. Ndani mna treni ya kuchezea: moteri moja, vagoni sita, na reli za kuungana. Ni kipimo wanachoita HO, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana wa reli ni milimeta 16 na nusu. Inatembea kwa umeme wa volti 12, kwa hiyo bateri ya paneli ya jua inatosha, ukiweka kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo. Siku ya posho vijana wanane walikuja, tukapanga reli juu ya ubao katika chumba cha nyuma. Yule wa miaka 16 alikuwa mmoja wao.

Siku ya kwanza kila mtu alifurahi kuona inazunguka. Siku ya pili walichoka. Treni inayozunguka tu haina kazi. Treni ya kweli inaacha vagoni moja hapa, inachukua ingine pale, inarudi. Wakaanza kufanya hivyo, na kila mara mkono mkubwa ulishuka toka juu kutenganisha vagoni, na vagoni zingine zilianguka. Ndipo tukageuka kuangalia vile vifungio vidogo vya mbele na nyuma.

Sasa nisikilize vizuri, maana kazi yenyewe ni nzuri. Vifungio vile viligunduliwa na ndugu wawili mapacha wa Oregon, Marekani, Keith na Dale Edwards. Herufi za kwanza za majina yao zikawa jina la kampuni yao, Kadee. Kifungio chao kimefanana na ngumi mbili zilizoshikana kwa vidole. Chini yake unaning'inia mkia mdogo wa waya wa chuma. Katikati ya reli unaweka sumaku. Vagoni zikisimama juu yake, sumaku inavuta mkia mmoja upande wa kuume na mwingine upande wa kushoto, na ngumi zinafunguka. Hakuna mkono unaoingia.

Lakini yetu ilikataa. Kijana akaniita, “Pasta, inakataa kuachana!” Tulitafuta sababu siku nne za posho mfululizo, moja moja. Nitakupatia zote, maana kila moja ina fundisho kwa fundi.

Sababu ya kwanza ni mvuto. Ngumi zikivutana, sumaku haiwezi kuzifungua hata iwe na nguvu namna gani. Ni lazima moteri isimame, irudi nyuma kidogo sana, vifungio vilegee. Vikilegea, vinafunguka. Kisha moteri inakwenda mbele polepole, na vagoni inabaki. Hii si upungufu. Ndiyo inayofanya treni nzima ipite juu ya sumaku bila kukatika: inapita ikiwa inavutana. Kwa sababu hiyo usiweke sumaku mahali treni inateremka, maana pale vagoni za nyuma zinasukuma za mbele, vifungio vinalegea vyenyewe, na treni inakatika wakati hukutaka.

Ya pili ni urefu. Katikati ya kifungio iwe karibu milimeta 10 juu ya reli, kwa vagoni zote sawa. Mkia wa chini usiguse reli, lakini usipande juu. Ubaki karibu milimeta moja juu yake. Ukipanda, sumaku haiufikii. Ukishuka, unagonga mahali reli zinapogawanyika na vagoni inaanguka. Tulikata kipimo cha karatasi ngumu, tukapitisha kila vagoni. Kati ya sita, mbili tu zilikuwa sawa.

Ya tatu ni vumbi. Unajua vumbi yetu nyekundu ya Bunia. Inaingia ndani ya kifungio, nacho hakirudi tena katikati. Usitie mafuta, maana mafuta yanakamata vumbi ingine. Safisha kwa burashi kavu, kisha saga risasi ya kalamu ya kuandikia mpaka iwe unga, utie kidogo.

Ya ine ni ekseli za chuma. Sumaku haichagui, inavuta mkia, lakini inavuta hata ekseli. Vagoni nyepesi ilikuwa inajisogeza yenyewe juu ya sumaku, inagonga mwenzake, na vifungio vinajifunga tena. Dawa ni ekseli ya shaba ao plastiki. Ukikosa, weka kipande chembamba cha sponji kiguse ekseli kidogo, ili vagoni isitembee bure.

Ya tano ni mahali. Sumaku iwe chini ya reli nyoofu na sawasawa. Katika kona vifungio havitazamani vizuri.

Na ya sita ilihusu sumaku yenyewe. Sumaku ya sanduku ilikuwa imevunjika njiani. Vijana walileta ile ya duara ya kipaza-sauti cha redio iliyokufa, yenye nguvu sana, lakini haikusaidia. Juu ya nini? Kwa sababu nguvu yake inatoka juu na chini, inavuta mikia miwili kwenda chini pamoja, si pembeni. Fundi mmoja wa telefone alitupatia sumaku ndogo sana za ekuteri zilizokufa. Tulizipanga mistari miwili, kila mstari karibu na reli yake kwa ndani: mstari mmoja uso wa kaskazini unaangalia juu, mstari wa pili uso wa kusini. Hapo mikia iligawanyika, mmoja huku, mmoja kule. Vijana walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ndugu wale wa Oregon walilifikiri vizuri. Vifungio vikiisha kufunguka juu ya sumaku, ukirudi kusukuma, ngumi zinagusana bila kushikana. Unaweza kusukuma vagoni ile mbali na sumaku mpaka mahali unapotaka, kisha unarudi na kuiacha. Kwa hiyo sumaku moja inatosha kwa stasheni nzima.

Utaniuliza, Pasta, hii inaleta faida gani kwa watu wa migodi? Ngoja nikueleze treni kubwa.

Zamani huko Marekani vagoni zilifungwa kwa pete na msumari wa chuma. Mtu alisimama katikati, akishika pete kwa mkono wakati vagoni inakuja. Wengi sana walipoteza vidole, na wengi walisagwa. Mwaka 1873 Eli Janney alipata hati ya ugunduzi wa kifungio cha ngumi, ambacho kile chetu kidogo kimekiiga. Kinajifunga chenyewe vagoni zikigongana polepole, na kinafunguliwa kwa mkono wa chuma uliowekwa pembeni, mtu akisimama nje ya reli. Lakini ilipita miaka 20 mpaka sheria ya mwaka 1893 ilipoagiza kampuni za reli ziweke vifungio vya kujifunga vyenyewe. Angalia: akili ilipatikana, lakini mikono iliendelea kukatika miaka 20 yote ile.

Na kule kwenye treni kubwa ni kanuni ile ile: kwanza funga breki ya vagoni inayobaki, kisha dereva arudi nyuma kidogo vifungio vilegee, ndipo ufungue. Breki inakuja mbele ya yote. Tarehe 24 Juni 2002, Tanzania, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagonga treni ya mizigo, na watu zaidi ya 280 wakafa. Chuma chenye magurudumu kinatafuta mteremko.

Yule mkubwa wa vidole vitatu alikuja siku moja kumchukua mdogo wake. Alisimama akaangalia mdogo wake akifanya kazi: anasimamisha, anarudi kidogo, anaacha, anakwenda. Akaomba afanye tena. Kisha akasema polepole, “Sisi tulikuwa tunatoa ndoano wakati zinavutana. Hakuna mtu aliyetuambia kulegeza kwanza.” Hakusema lingine. Mdogo wake alimpa kifaa cha mwendo, akajaribu mara tatu kwa mkono ule wa kuume. Mara ya tatu vagoni ikabaki.

Mdogo hakwenda mgodini mwaka ule. Sikuahidi mama yake kwamba hatakwenda kamwe; hali ya nyumba zetu tunaijua wote. Lakini akienda, ataangalia ndoano kwa macho mengine.

Kwa hiyo, baba na mama mnaosoma, mtoto wako akitengeneza kamio ya makopo na waya katika lupango, usimfukuze ukisema anapoteza wakati. Keti naye, umuulize inafungwaje na inafunguliwaje. Na wewe kijana unayesukuma vagoneti leo, shika maneno haya matatu kabla hujanyosha mkono: weka jiwe ao kigingi chini ya gurudumu ya ile inayobaki, mwambie mwenzako alegeze, na umsikie akikujibu kwa sauti, kisha toa ndoano kwa chuma kirefu ukisimama pembeni. Kama msimamizi anakuambia ufanye haraka, mwambie kulegeza kunachukua wakati mdogo sana. Kidole hakioti tena.