Trakta ilikufa batri, na moto ulikuwa kilimani

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika shamba moja nje ya Likasi, upande wa Kambove. Shofere mzee aligeuza ufunguo wa trakta akasikia "tk" moja tu. Akageuza tena, na hata hiyo "tk" haikuja. Taa ndogo nyekundu mbele yake ilififia mpaka ikazimika kabisa.

Siku nyingine angeshuka, angekunywa chai na kungoja jua. Siku hiyo hakukuwa na nafasi ya kungoja. Kando ya shamba yalikuwa malundo ya mahindi ya familia kumi na tisa, mahindi yaliyokwisha kuvunwa lakini bado hayajabebwa. Familia hizo zilikimbia vita upande wa Mitwaba, zikaazimwa ardhi hapa, na haya yalikuwa mavuno yao ya kwanza tangu waache makwao. Na tangu usiku mstari mwekundu wa moto wa pori ulikuwa unashuka polepole kwenye kilima. Kila kiangazi majani ya Katanga huungua hivyo: mwindaji amewasha, mchoma makala ameacha kaa, au mkulima anasafisha shamba lake na moto unamshinda. Alfajiri moto hutambaa tu. Jua likipanda upepo huamka, na hapo hakuna wa kuushika.

Baridi nayo ilikuwa kali. Theluji haianguki Likasi, lakini mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku unauma kweli. Mabondeni kuna asubuhi ambapo umande unakutwa umeganda mweupe juu ya majani. Baridi huiadhibu injini mara mbili: nguvu ya batri inapungua, na wakati huohuo mafuta ya injini yanakuwa mazito, hivyo kuizungusha kunataka nguvu zaidi. Ndugu zetu waliopelekwa Kanada kwa njia ya ukimbizi wanaijua adhabu ya tatu. Huko mazutu ya kiangazi yakikutwa na baridi kali hutoa nta, nta inaziba filita, na wakulima hulaza trakta zao zikiwa zimeunganishwa na umeme ili injini isipoe. Huku kwetu adhabu mbili zilitosha.

Vijana walileta mashauri. Mmoja alisema wawashe moto mdogo chini ya injini kama wanavyofanya shofere wa makamyo. Mzee alimtazama, kisha akatazama majani makavu yaliyozunguka trakta, kisha kilima. Kijana akanyamaza. Mwingine akaleta batri ya wewa yake. Ni volti 12 pia, alisema, na hakukosea. Lakini batri ya pikipiki kuzungusha injini ya trakta ni kama kumtwisha mtoto gunia la mahindi. Kamyo ya kuwasaidia haikupita saa hiyo. Hata ingepita, mzee angeuliza kwanza, maana makamyo mengi hutumia volti 24, batri mbili zilizofungwa pamoja, na mtu akiunganisha zote bila kuangalia anaweza kuunguza vyombo vya trakta.

"Tusitafute batri," alisema. "Tutafute mteremko."

Trakta ile ni Massey Ferguson ya zamani, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, na uzee wake ndio uliowaokoa. Injini ya mazutu haina buji. Inabana hewa ndani ya silinda mara kumi na sita au zaidi, hewa inakuwa moto sana, na mazutu yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake huko Ujerumani mwaka 1897, cheche haikuwa na kazi ndani yake. Batri ni ya kuamsha tu. Trakta nyingi za kisasa zina kifungo cha umeme kinachoruhusu mazutu kupita, kwa hiyo batri ikifa kabisa, unaweza kusukuma mpaka jioni bure. Hii ya mzee inazimwa kwa waya wa kuvuta kwa mkono. Aliusukuma ndani, akahakikisha umefika mwisho.

Kisha akaomba maji ya moto. Mama mmoja alikuwa tayari na sufuria juu ya mbabula, kwa ajili ya bukari ya watoto. Mzee alimwaga maji baridi ya radieta, akaweka kidole katika sufuria, akakitoa haraka.

"Mama, nipe ya kuoga, si ya bukari. Chuma baridi kikipata maji yanayochemka kinapasuka."

Wakayapunguza ukali, wakamimina. Walipotia sufuria ya pili, chuma cha injini kilianza kuwa vuguvugu mkononi.

Bado kulikuwa na hewa. Tangi lilikuwa limebaki na mazutu kidogo sana, na mzee hakuliamini. Waliongeza kidumu kimoja, akalegeza skurubu iliyo juu ya filita, akampa kijana mmoja kazi ya kupampu kwa kile kijiti kidogo cha mkono. Povu likatoka, likaendelea kutoka, halafu mazutu safi. Akakaza. Hapo wengi hukosea: wanasukuma mara kumi, wanachoka, wanatukana injini, na kumbe ndani ya mrija kuna hewa tu.

Kijana aliyekuwa anapampu ndiye aliyeiacha trakta mahali pa tambarare usiku uliopita, taa zikiwaka, kwa sababu walikuwa bado wanapakia gizani na baadaye akasahau. Hakuna aliyemwambia neno. Yeye mwenyewe alipampu mpaka mkono ukatetemeka.

Mzee hajawahi kulaza trakta tambarare kwa hiari yake. Alijifunza miaka ya 1992 na 1993, alipokuwa kijana, wakati maelfu ya jamaa za Kikasai walifukuzwa majumbani wakalala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni za kuwarudisha Kasai. Alikuwa akibeba magodoro na masufuria ya majirani zake mpaka stesheni. Batri nzuri haikupatikana, na mwenye kungoja treni hawezi kungoja shofere. Kila jioni alitafuta kilima.

Sasa kilima kilikuwa hatua sitini mbele. Walifungua trela ili uzito upungue. Wanaume, vijana, na akina mama waliokuwa wamewaachia wazee watoto wao, wote wakashika. Mzee alipanda, akakanyaga ambriyaji, akaweka vitesi ya juu. Ukiweka ya kwanza magurudumu yatasimama na kuburuta. Wakasukuma mpaka ukingo wa mteremko. Trakta ikaanza kwenda yenyewe. Akaachia mguu.

Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

Mteremko ulikuwa umebaki nusu. Akakanyaga tena, akaacha iende kasi zaidi, watu wakikimbia nyuma yake, akaachia. Moshi mweupe, halafu mweusi, halafu ule mlio wa silinda tatu ambao watoto wa pale wanaweza kuuiga.

"Msiizime!" alipiga kelele, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amekaa juu yake. Haikuzimwa mpaka jioni. Hata wakati wa kupakia iliachwa ikiunguruma ili dinamo irudishe kidogo nguvu ya batri.

Walifanya safari nne. Upepo uliamka kabla ya ile ya tano, na malundo mawili ya mwisho yaliungua. Yalikuwa ya jamaa wawili tofauti. Usiku huo, kabla ya kugawana magunia, familia zote kumi na tisa zilikaa pamoja na kuwatolea hao wawili kwanza.

Trakta ililazwa juu ya mteremko. Yule kijana alikwenda mwenyewe kutafuta jiwe la kuweka chini ya gurudumu. Alilibadilisha mara mbili kabla ya kuridhika.