Namba zilinikosanisha na mdogo wangu

Msomaji wangu, usinicheke. Yaliyonikuta mimi na wewe yanaweza kukukuta.

Mdogo wangu anaimba. Mwaka jana aliingia shindano dogo la nyimbo hapa kwetu Wete, video za washiriki zikawekwa YouTube. Mimi na kidato changu cha nne nikajifanya bingwa wa hesabu. Nikafungua simu: wimbo wa mpinzani wake umetazamwa mara 4,000, wake mara 900. Nikamwambia pale pale barazani, mbele ya wenzake, "Bwana wee, umekwisha. Tafuta kazi nyengine."

Akanyamaza. Jioni ile ile akajitoa.

Usiku usingizi ukanipaa, nikatazama tena. Lo! Video ya mpinzani ilikuwa na siku 20, ya mdogo wangu siku 3 tu. Gawanya mwenyewe: yule 200 kwa siku, wetu 300! Kweli, wimbo mpya huwa na mbio za mwanzo, kwa hiyo haki ni kulinganisha siku 3 za kwanza za huyu na siku 3 za kwanza za yule. Lakini mimi hata kuandika namba kila siku sikuandika.

Halafu, kutazamwa mara 4,000 si watu 4,000. Ni kama kutunza kwenye taarabu: mama mmoja mwenye noti zake akiinuka mara saba, utasema wameinuka mama saba?

Na umaarufu si ushindi. Diamond Platnumz mwaka 2020 alifikisha mara bilioni moja za kutazamwa YouTube, lakini tuzo ya BET aliyowania 2021 ilikwenda kwa Burna Boy. Kule Ulaya, Eurovision ya 2023, kura za watu zilimpa Käärijä wa Finland pointi 376 na Loreen wa Sweden 243. Zilipojumlishwa na za majaji, Loreen akashinda kwa 583 dhidi ya 526.

Asubuhi nilimfuata mdogo wangu kumtaka radhi. Akanijibu, "Yameshapita, kaka." Lakini mpaka leo sijamsikia akiimba, hata bafuni.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujamvunja mtu moyo kwa namba, uliza kwanza: za siku ngapi, na za watu wangapi? Au vipi?